Nani Atakusomea Barua Yako?

Mwanzoni mwa karne ya 19, kaskazini mwa Italia, bwana mmoja aitwaye Pellegrino Turri alimtengenezea rafiki yake mashine ya kuandikia. Rafiki huyo, Carolina Fantoni da Fivizzano, alikuwa mwanamke wa familia ya makabaila, na alikuwa haoni. Mashine yenyewe ilishapotea. Zilizobaki ni barua kadhaa za Carolina, zilizopigwa chapa herufi kwa herufi. Wanaoandika historia ya taipureta huitaja mashine ya Turri kuwa miongoni mwa za kwanza kabisa, kisha wanaharakisha kwenda Marekani kwenye viwanda. Mimi hukwama hapo Italia. Kabla ya mashine ile, Carolina alipotaka kumwandikia mtu ilibidi amwite mwingine akae kitini, ashike kalamu, asikie kila neno.

Jiulize ni barua gani ungeweza kuiandika kwa njia hiyo. Ya kumsalimu shangazi, sawa. Ya kuulizia kodi ya shamba, sawa. Baada ya hapo orodha inakatika mapema sana.

Niliingia katika habari hizi kwa sababu ya kazi. Ninatengeneza tovuti, hasa za biashara ndogo za hapa Mombasa, na mwaka jana mshauri nasaha mmoja aliniomba niitengeneze upya tovuti ya kituo chake. Kituo chenyewe ni vyumba vitatu juu ya duka la dawa: kimoja cha ushauri, kimoja cha kukanda wenye maumivu ya mgongo na viungo, na kimoja cha kungojea, chenye feni na birika la chai ya tangawizi. Alitaka tovuti ambayo kila mtu ataweza kuitumia: asiyeona, kiziwi, mwenye mikono inayotetemeka, mzee ambaye miwani haimtoshi tena. Wenye fani huliita jambo hili ufikivu. Lina miongozo yake, orodha ndefu ya masharti, na mafundi wengi huisoma kama wanavyosoma masharti ya mkopo: unatia alama, unasonga mbele. Nilipoanza kuuliza kila sharti lilitoka wapi, nikajikuta kwa Carolina.

Siku moja yule kijana anayekanda aliniuliza swali ambalo nadhani wengi wanalo ila wanaona haya kulitamka. "Lakini kaka, asiyeona si ana ndugu? Nduguye amjazie fomu, yaishe."

Nikamfungulia fomu ya kuomba miadi tuliyokuwa tunaitengeneza. Unalala vizuri? Umewahi kufikiria kujidhuru? Nyumbani unakoishi, unajisikia salama? Akaisoma hadi chini, akanyamaza kidogo.

"Na kama huyo ndugu ndiye mwenyewe," akasema.

Louis Braille alizaliwa mwaka 1809 katika kijiji cha Coupvray, mashariki ya Paris, mtoto wa fundi wa matandiko ya farasi. Akiwa na miaka 3 alichezea chuma cha babake cha kutobolea ngozi, kikamchoma jicho, na ugonjwa ukahamia jicho la pili. Akiwa na miaka 10 alipelekwa Paris kwenye shule ya vijana wasioona. Vitabu vilikuwepo huko, tena vya fahari: herufi za kawaida zilizokandamizwa kwenye karatasi nzito mpaka zikainuka, mwanafunzi azipapase moja baada ya nyingine. Vilikuwa ghali na vizito, na kuvisoma kulichukua muda mrefu. Kibaya zaidi, mwanafunzi hakuwa na njia ya kuandika kwa herufi hizo. Alifundishwa kupokea maneno, si kuyatoa. Kisha Charles Barbier, aliyekuwa ofisa wa mizinga, akaja na alama za nukta, hadi 12 kwa kila alama, zinazowakilisha sauti. Kijana Braille akazipunguza zikawa 6 zinazoenea chini ya ncha ya kidole, akazifanya ziwe herufi. Alikuwa na miaka 15. Mwaka 1829 akauchapisha mfumo wake, huu tunaouita nukta nundu.

Ubunifu huo unajulikana sana. Kinachonivuta mimi ni upinzani ulioufuata. Kwa walimu wanaoona, nukta zile zilikuwa vumbi tu kwenye karatasi, na mkuu mmoja wa shule alizipiga marufuku. Wanafunzi wakaendelea kuandikiana kwa siri. Ufaransa ilikuja kuukubali mfumo huo rasmi mwaka 1854, miaka 2 baada ya Braille kufariki kwa kifua kikuu. Dhana yangu, nayo ni dhana tu, ni kwamba walimu walichukia kitu kilekile walichokipenda wanafunzi: sasa iliwezekana kuandika barua ambayo mwalimu hawezi kuichungulia. Nukta hizo zimetufikia nasi pia. Shule ya wasioona ya Thika, iliyoanzishwa na Jeshi la Wokovu mwaka 1946, imesomesha vizazi kwa hizo.

Hapa naomba nichepuke kidogo niende Japani, maana kuna jambo ambalo tovuti za ustawi wa mwili na akili hazilijui. Kwa karne nyingi huko Japani kazi ya kukanda mwili, waiitayo anma, ilishikwa kwa sehemu kubwa na wasioona. Mmoja wao, Sugiyama Waichi, aliyeishi katika karne ya 17, alikuwa tabibu wa sindano. Yeye ndiye anayesifiwa kwa kubuni kibomba chembamba kinachoielekeza sindano isiyumbe inapoingia kwenye ngozi. Alimtibu shogun Tokugawa Tsunayoshi mwenyewe, na shule zilizofuata mafunzo yake zikawapa wasioona elimu ya tiba ya sindano na ya kukanda, zaidi ya miaka 100 kabla ya Braille kuzaliwa. Kibomba kile kinatumika hadi leo kwenye kliniki za sindano duniani. Nenda sasa kwenye tovuti za hizo kliniki na kisoma skrini, uone ni ngapi zitakufungulia mlango. Nilipomsimulia yule kijana anayekanda, alifurahi kuliko nilivyotarajia. Hakuwa amewahi kuambiwa kwamba fani yake ina mababu wa namna hiyo.

Kompyuta zilipoanza kuingia majumbani, kwa muda mfupi mambo yaliwaendea wasioona vizuri kuliko tunavyodhani. Skrini ya DOS ilikuwa maandishi matupu, herufi juu ya weusi, na programu ikiweza kuzichukua herufi hizo na kuzitamka, basi umeisikia skrini nzima. Ted Henter, Mmarekani aliyekuwa mwendesha pikipiki wa mashindano hadi ajali ya gari ya mwaka 1978 ilipomnyima uwezo wa kuona, alishiriki kuanzisha kampuni iliyotoa kisoma skrini cha JAWS mwaka 1989. Kisha Windows ikatawala, pamoja na vijipicha vyake vya kubofya kwa mausi, na ikabidi watengenezaji waanze upya karibu kila kitu. JAWS ya Windows ilitoka mwaka 1995. Bei yake ilikuwa mamia ya dola, maana yake kwa mwanafunzi wa Kilifi au Morogoro haikuwepo. Mlango wa watu wa huku ulifunguliwa kweli mwaka 2006, Michael Curran wa Australia, ambaye mwenyewe haoni, alipoanza kuandika NVDA, kisoma skrini cha bure ambacho yeyote anaweza kukipakua.

Intaneti nayo ilipita njia hiyohiyo ya kufungua na kufunga. Kurasa za mwanzo zilikuwa maandishi. Tarehe 25 Februari 1993, Marc Andreessen, akiwa kwenye mradi wa kivinjari cha Mosaic katika Chuo Kikuu cha Illinois, aliandika pendekezo la kuweka picha ndani ya ukurasa. Pendekezo lenyewe ni fupi na lilidai jambo moja tu: picha iko wapi. Hapakuwa na mahali pa kusema ni picha ya nini. Maneno mbadala ya picha yalikuja baadaye, kwa hiari katika kanuni za mwaka 1995, na kwa lazima kuanzia Desemba 1997. Miaka kama 5 hivi. Si mingi, ila ndiyo miaka ambayo dunia nzima ilijifunza kutengeneza kurasa, na tabia iliyojifunzwa wakati huo haijatoka.

Naijua kwa sababu niliikuta juu ya lile duka la dawa. Kwenye tovuti ya zamani ya kituo, bei zote zilikuwa ndani ya picha, bango lililotengenezwa kwa simu na kutumwa kwa WhatsApp. Kisoma skrini kilipolifikia kilisoma jina la faili, mseto wa herufi na tarakimu zisizo na mwisho, kikapita. Saa za kazi zilikuwa humo, na namba ya kulipia pia. Asiyeona alikuwa na hiari ya kumuuliza mtu, "Samahani, unisomee hapa, wale washauri wanatoza kiasi gani?" na kwa swali hilo moja mtaa umeshajua anakwenda wapi.

Kuliondoa bango na kuandika bei kwa maandishi kulichukua nusu saa. Picha nyingine zilitaka kufikiri. Ile ya chumba cha ushauri niliieleza: viti viwili vinavyotazamana kwa pembe, dirisha lenye pazia, mlango unaofungika. Mlango niliutaja makusudi. Ile ya mawe matano yaliyopangwa moja juu ya jingine, ambayo nadhani kila tovuti ya ustawi ulimwenguni inayo, niliiachia maneno matupu, kama mwongozo unavyoagiza kwa picha ya pambo, ili kisoma skrini kiiruke. Mawe hayana la kumwambia mtu.

Kesi iliyonifanya nielewe kwamba haya si hisani ni ya Sydney. Bruce Maguire, raia wa Australia asiyeona, alikuwa anasoma intaneti kwa kifaa kinachoinua nukta nundu chini ya vidole. Juni 1999 alilalamika mbele ya Tume ya Haki za Binadamu ya Australia kwamba tovuti ya Michezo ya Olimpiki ya mwaka 2000 haisomeki: picha hazina maneno, na kurasa za michezo na za matokeo hazifikiki. Alikuwa mtu mmoja dhidi ya kamati iliyokuwa inaandaa sherehe kubwa kuliko zote duniani. Kamati ilijitetea kwa hoja ambayo kila fundi wa tovuti ameshaisikia, na wengine tumeisikia kwa bosi: kazi ni kubwa mno, gharama ni kubwa mno, muda hautoshi. Wataalamu walioitwa na mlalamikaji wakaonyesha kwamba kazi na gharama zilikuwa chini sana ya ilivyodaiwa. Tarehe 24 Agosti 2000 tume ilimpa Maguire haki, ikaamuru tovuti irekebishwe kufikia tarehe 15 Septemba, siku ya ufunguzi wa michezo. Siku ikafika, ikapita, na tovuti ikawa imerekebishwa nusunusu. Kamati iliamriwa kumlipa fidia ya dola 20,000 za Australia.

Pesa zile hazikuwa kitu kwa bajeti ya Olimpiki. Jambo kubwa ni kwamba sheria iliyotumika ilikuwa ya mwaka 1992, ya kukataza ubaguzi dhidi ya watu wenye ulemavu, iliyotungwa kabla tovuti hazijawa kitu cha kawaida. Tume iliona kwamba kuwapa watu taarifa ni huduma, na huduma haibagui, iwe dirishani au kwenye skrini.

Wakati huo miongozo ya kimataifa ilikuwa imeshaandikwa. Toleo la kwanza lilitoka Mei 1999, la pili Desemba 2008, na nyongeza zake mwaka 2018 na 2023. Sitakuchosha nayo yote. Ila kuna namba moja iliyotugombanisha mimi na mwenye kituo.

Alipenda maandishi ya kijani kilichopauka juu ya rangi ya maziwa. "Inatuliza," alisema, na ni kweli inatuliza, nusu ya kurasa za masaji na yoga zimevaa hivyo. Mwongozo unataka mwanga wa maandishi na wa mandharinyuma utofautiane kwa uwiano usiopungua 4.5 kwa 1. Kijani chake hakikufika hata 2.

"Dada, haisomeki."

"Mimi naisoma vizuri tu."

"Una miaka 38."

Nikamweleza namba ilikotoka. Waandishi wa mwongozo waliichagua ili kufidia macho ya kiwango cha 20/40, ambayo walieleza kuwa ni ya kawaida kwa wazee wa miaka kama 80. Yaani kuna mtu ndani ya ile 4.5. Ni bibi aliyeshika simu chini ya jua la saa saba, goti linamuuma, anatafuta namba ya kupiga. Alikubali kijani kizito, rangi ya jani la muembe, na mpaka leo anasema si kizuri kama kile cha kwanza. Kweli, si kizuri kama kile.

Sheria za kwetu nitazipitia upesi. Kenya iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2008, Tanzania mwaka 2009, na kifungu cha 9 cha mkataba huo kinataja intaneti waziwazi. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 54, inampa mwenye ulemavu haki ya kufikia mahali pote, usafiri na habari. Kifungu cha 31 kinampa kila mtu faragha. Maneno yapo. Kwa wenye haraka kuna pia wauzaji wa programu ya kubandika juu ya tovuti mbovu, wanaoahidi kwamba mstari mmoja utamaliza kila tatizo. Januari 2025 tume ya Marekani inayolinda walaji ilitangaza kwamba kampuni moja ya aina hiyo italipa dola milioni 1 kwa madai ya kupotosha. Mwenye kituo alikuwa ameshatumiwa tangazo la programu kama hiyo. Tuliachana nayo.

Kasoro niliyoipenda kuliko zote, kama mtu anaweza kupenda kasoro, ni ya lugha. Tangu mwaka 1997 kanuni zinaruhusu ukurasa utangaze lugha yake kwa herufi mbili tu, zisizoonekana na msomaji. Kisoma skrini huzitegemea kuchagua matamshi. Violezo karibu vyote vinavyouzwa huja na herufi za Kiingereza, na mafundi wa Kiswahili huzisahau humo. Matokeo yake, ukurasa wa Kiswahili safi hutamkwa na Mwingereza wa plastiki. Tulimwomba mwanafunzi mmoja wa sheria asiyeona atujaribie tovuti, kwa malipo ya saa zake. Akatusikilizisha ukurasa wa zamani kwa kipaza sauti. Mwenye kituo alikuwa ameandika juu kabisa, kwa upole wake wote, "Pole sana kwa unayopitia." Mashine ikaitamka pole kama neno la Kiingereza la mlingoti. "Mume wake" ikageuka kuamka usingizini. Mwanafunzi alicheka, sisi hatukucheka.

"Nimezoea," alisema. "Huwa natafsiri kichwani. Natoa lafudhi, narudisha neno, halafu ndiyo naelewa."

Hebu fikiria kufanya hivyo siku ambayo huna nguvu hata ya kuoga.

Nilifuta en nikaandika sw. NVDA huja na sauti ya bure ambayo Kiswahili inakijua, sauti kavu ya roboti, lakini irabu zake zimenyooka. Akaurudia ukurasa tangu juu. "Pole sana kwa unayopitia," ilisema, kwa Kiswahili. Akatikisa kichwa kukubali, akaomba aijaribu fomu, akachomeka vipokea sauti masikioni, na sisi wawili tukatoka kwenda kunywa chai kwenye chumba cha kungojea.

Upande wa viziwi tumefika nusu ya njia. Tovuti ya zamani ilikuwa na maelekezo ya aina moja tu: piga simu. Sasa miadi inaombwa kwa maandishi kuanzia mwanzo hadi mwisho, na video fupi ya kukaribisha ina maandishi chini yake. Lakini mtu akishapanda ngazi na kuingia kwenye chumba kile chenye mlango unaofungika, lazima awepo mkalimani wa lugha ya ishara, na hapo mtu wa tatu amerudi chumbani, ameketi, anasikia kila neno. Lugha ya Ishara ya Kenya ni moja ya lugha rasmi tatu za Bunge, kwa mujibu wa kifungu cha 120 cha Katiba. Washauri nasaha wanaoimudu bado ni wachache mno. Mwenye kituo amepata mwalimu, kiziwi mwenyewe, anayekuja kila Jumamosi baada ya saa za kazi. Wiki iliyopita nilipokwenda kuongeza ukurasa nilimkuta anafanya mazoezi mbele ya kioo cha chumba cha kungojea. Ameshajua kusalimu, kuuliza jina, na kuuliza mtu anaumwa wapi.